Msimu, Ardhi na Ujirani: Maisha ya Jamii katika Mji wa Kitalii wa Malindi, Kenya

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna maisha ya jamii yanavyoendeshwa katika Malindi, mji mdogo wa kitalii ulioko Pwani ya Kenya. Mara nyingi mji wa aina hii huelezwa kwa kutazama hoteli zake na idadi ya wageni wanaofika. Makala haya yanaanzia kwa mwenyeji na mzunguko wa mwaka wake wa riziki. Hoja kuu ni kwamba uvuvi na utalii, ambazo ni nguzo mbili za uchumi wa mji, hudhoofika katika miezi ileile, yaani kuanzia Aprili hadi Juni, na kwamba miezi hiyo ndiyo ya kupanda mashambani. Kwa hiyo, mwenye ardhi ana mahali pa kukimbilia, ilhali asiye nayo hutegemea jirani peke yake. Kutokana na hali hiyo, makala yanahitimisha kuwa umiliki wa ardhi na uhuru wa kuufikia ufuo ndio msingi wa ustawi wa jamii ya Malindi, kuliko hata wingi wa watalii.

Maneno muhimu: Malindi, utalii, msimu, ardhi, ufuo, ujirani

1.0 UTANGULIZI

Mji wa Malindi uko kwenye ufuo wa Bahari ya Hindi, yapata kilomita 120 kaskazini mwa Mombasa, karibu na mahali ambapo Mto Sabaki unaingia baharini. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mji huu ulikuwa na wakazi 119,859. Idadi hiyo inaufanya kuwa mkubwa kuliko miji mingine yote ya Kaunti ya Kilifi, ukiwemo mji wa Kilifi wenyewe ambao ndio makao makuu ya kaunti.

Wakazi wa Malindi ni wa asili mbalimbali. Wapo Waswahili wa mji wa kale na Wabajuni waliotoka visiwa vya kaskazini, hasa katika mtaa wa Shela ulio karibu na bandari ya wavuvi. Wapo watu wa ukoo wa Kiarabu na wa Kihindi ambao wazee wao walifuata biashara. Wagiriama, pamoja na jamii nyingine za Mijikenda, ndio wengi zaidi mjini na katika vijiji vinavyouzunguka. Wakamba walileta ufundi wa kuchonga vinyago, na mtaa wa Kisumu Ndogo unadokeza kwa jina lake tu kwamba watu wa bara nao walifika na kukaa. Mwishoni wamo Waitaliano, wengine wakiwa watalii wa wiki mbili na wengine wakiwa wakazi wa miaka mingi, kiasi kwamba mji umezoeleka kwa lakabu ya Italia Ndogo.

Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hunukuliwa sana katika mazungumzo kuhusu utalii, nayo huchukuliwa kuwa uthibitisho kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa kila mwenyeji. Hata hivyo, methali haisemi mwenyeji atapona vipi, wala haitaji hali yake mgeni anapoondoka. Maswali hayo mawili ndiyo yanayoongoza makala haya. Sehemu ya pili inatoa usuli wa kihistoria. Sehemu ya tatu inaeleza kalenda ya riziki. Sehemu ya nne inajadili ardhi na ufuo, na ya tano inachambua ujirani. Sehemu ya mwisho ni hitimisho na mapendekezo.

2.0 USULI WA KIHISTORIA: MJI ULIOISHI KWA MSIMU

Kuutegemea msimu hakukuanza na hoteli. Neno msimu lenyewe lina asili ya Kiarabu, mawsim, na ndilo lililozaa pia jina la pepo za Bahari ya Hindi katika lugha kadhaa za Ulaya. Kwa karne nyingi, majahazi yalishuka Pwani kwa upepo wa kaskazi na kurejea Uarabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kusi. Kati ya kuja na kurudi, wafanyabiashara walikaa miezi kadhaa katika miji ya mwambao, wakipanga nyumba, wakinunua chakula na mara nyingine wakioa. Hivyo basi, mgeni wa msimu ni mtu wa kale katika Malindi.

Umaarufu wa mji ulivuka bahari. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walipeleka twiga katika dola ya Ming nchini Uchina. Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama alipokelewa vizuri na mtawala wa Malindi baada ya kukosa maelewano na Mombasa, na akapewa rubani aliyemwongoza hadi Calicut, Bara Hindi. Safari hiyo ilifanyika upepo wa kusi ulipokuwa ukianza, na bila elimu ya msimu waliyokuwa nayo mabaharia wa bahari hii isingewezekana kirahisi. Nguzo yenye msalaba inayokumbusha ujio huo ingali imesimama kwenye rasi iliyo kusini mwa bandari.

Urafiki na Wareno ulileta faida kwa muda, lakini haukudumu. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, wakahamishia huko kitovu cha shughuli zao, na mtawala wa Malindi naye akahamia Mombasa. Mji alioacha nyuma ulififia hadi ukabaki karibu mahame. Ulifufuka katika miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ukawa kituo kikubwa cha kilimo cha nafaka na ufuta. Ufufuo huo ulijengwa juu ya jasho la watumwa, na utumwa ulipofutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, uchumi wa mashamba hayo ulikwisha nguvu.

Utalii ulianza kwa kiwango kidogo katika miaka ya 1930, wakati hoteli za kwanza zilipojengwa kwa ajili ya walowezi waliotoka nyanda za juu kuja kupumzika na kuvua samaki. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru. Katika miaka ya 1960 Italia ilianzisha kituo cha kurushia setilaiti karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa makubaliano na serikali ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru, ilirushwa kutoka huko setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Wahandisi na mafundi waliofanya kazi kituoni waliujua mji, wakawaeleza jamaa zao, na polepole Waitaliano wakaanza kuja kama watalii, kisha kama wenye nyumba, mikahawa na hoteli. Roketi ya mwisho ilirushwa mwaka 1988, lakini jamii iliyotokana na kituo hicho ilibaki.

Kutokana na maelezo haya, tunaona kwamba Malindi umestawi zaidi ya mara moja kwa njia za watu wa mbali, na umeanguka zaidi ya mara moja njia hizo zilipobadilika. Nahodha, Mreno, mwenye shamba la nafaka na mtalii hawafanani kwa tabia wala kwa madhara waliyoleta. Wanafanana katika jambo moja: uamuzi wa kuja au kutokuja haukuwa mikononi mwa mkazi wa kawaida wa mji.

3.0 KALENDA YA RIZIKI

Ili kuuelewa mji huu, ni muhimu kuuangalia mwaka wake wa kazi. Sehemu hii inaeleza kalenda tatu, yaani ya bahari, ya hoteli na ya shamba, na kisha inaziweka pamoja.

3.1 Kalenda ya Bahari

Upepo wa kaskazi huvuma takribani kuanzia Novemba hadi Machi. Huu ndio wakati wa neema kwa mvuvi. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na vyombo vidogo kama mitumbwi, ngalawa na mashua huweza kuvuka mwamba na kuvua maji ya kina. Baada ya kipindi cha tangambili, ambapo upepo haujatulia upande mmoja, kusi huingia kuanzia Aprili. Mawimbi hupanda, na Mto Sabaki, uliojaa mvua na udongo wa bara, huitia bahari rangi ya kahawia kwa masafa marefu. Mvuvi mwenye chombo kidogo hulazimika kubaki ndani ya mwamba, ambako samaki ni wachache na wavuvi ni wengi.

Pigo hilo halimwishii mvuvi. Mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki bandarini, akawakaanga na kuwauza mitaani, hutegemea samaki wa bei nafuu. Samaki wakiadimika, wachache wanaopatikana hununuliwa na wachuuzi wakubwa wenye majokofu. Hivyo mama karanga hukosa bidhaa, na familia za mitaa hukosa kitoweo.

3.2 Kalenda ya Hoteli

Msimu mkuu wa wageni huanza Desemba na kuendelea hadi Machi, wakati Ulaya iko katika baridi. Agosti huwa na msimu wa pili mfupi, kwa kuwa ndio mwezi wa likizo nchini Italia. Kati ya misimu hiyo miwili kuna Aprili, Mei na Juni, miezi ya masika. Hoteli kadhaa hufunga milango au kupunguza huduma ili kufanya ukarabati. Wafanyakazi wa mikataba ya msimu huambiwa wasubiri hadi waitwe, na vibarua hawaambiwi lolote, kwani hawana mkataba.

Kuhusu ajira hizi, ni vyema kutofautisha makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wenye ajira ya kudumu hotelini, ambao ni wachache. Kundi la pili ni la wanaotunza nyumba za Waitaliano: mpishi, mtunza bustani na askari wa usiku. Hawa hulipwa hata mwenye nyumba akiwa Ulaya, lakini riziki yao yote iko kwa mtu mmoja, na akiuza nyumba au akifariki, kazi huisha naye. Kundi la tatu, lililo kubwa zaidi, halimo katika orodha ya mishahara ya mtu yeyote: madereva wa tuktuk na bodaboda, wachongaji wa vinyago, wauza vikoi, waendeshaji wa mashua zenye sakafu ya kioo, wasusi na vijana wanaowatembeza wageni ufuoni. Hoteli ikifunga, kundi hili ndilo linalotangulia kuathirika, na halihesabiwi popote.

Juu ya kushuka huku kwa kila mwaka kuna mishtuko isiyo na kalenda. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, utekaji nyara uliotokea upande wa Lamu mwaka 2011 na shambulio la Mpeketoni mwaka 2014 viliwafanya wageni wengi waihofu Pwani nzima, ingawa Lamu na Mpeketoni ziko mbali na Malindi. Mnamo Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria za ndege za kimataifa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi. Katika mwaka huo masika hayakupisha msimu, kwani Agosti ilifika bila wageni.

3.3 Kalenda ya Shamba

Kalenda ya tatu huonekana kwa nadra katika maandishi kuhusu utalii, kwa sababu haiko ufuoni. Mvua za masika ndizo mvua kuu za kilimo katika eneo hili. Aprili ikiingia, mahindi na kunde hupandwa katika vijiji vya Ganda, Msabaha, Jilore, Kakoneni na kwingineko kando ya Sabaki. Minazi, mikorosho na miembe ni mali ya kudumu ya nyumba. Mihogo huachwa ardhini na kung'olewa kidogokidogo kadiri ya haja.

Shamba linaifaa hoteli pia. Mapaa mengi ya hoteli na nyumba za kitalii huezekwa kwa makuti, nayo husukwa vijijini, aghalabu na wanawake. Paa la makuti huchakaa na hudai kuezekwa upya baada ya miaka michache, na kazi hiyo hufanywa kipindi ambacho hoteli haina wageni. Kwa njia hiyo, mwanamke aliyeko kijijini mwenye minazi hupata fedha za utalii katika mwezi uleule ambao mhudumu wa mkahawa amerudishwa nyumbani.

3.4 Kalenda Tatu kwa Pamoja

Tukiziweka kalenda hizi pamoja, tunaona kwamba bahari na hoteli hupanda pamoja na kushuka pamoja. Mtu anayetegemea zote mbili, kwa mfano mvuvi ambaye mkewe anafua nguo hotelini, hana kinga, kwani mapato yote mawili hukatika Aprili. Shamba pekee ndilo linaloanza kazi wakati huo. Ni kweli kwamba mwezi wa kupanda si mwezi wa kula. Mahindi ya masika hayavunwi kabla ya Julai au Agosti, na mvua zikikosekana hayavunwi kabisa. Pamoja na hayo, mwenye shamba ana mihogo ya kung'oa, ana nazi za kuuza, na ana pa kuwapeleka watoto bila kulipa kodi. Tofauti kati ya familia inayovuka masika na familia inayozama katika madeni haitokani sana na walichopata Desemba. Hutokana zaidi na kuwa na ardhi au kutokuwa nayo.

4.0 ARDHI NA UFUO

4.1 Mizizi ya Uskwota

Kama ardhi ndiyo kinga, basi ni lazima kuuliza kwa nini wengi hawana. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala mwambao wa maili kumi uliokuwa chini ya himaya yake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za Pwani, iliyomtaka kila mdai athibitishe umiliki wake. Waliokuwa na nyaraka, au waliojua njia za ofisi na mahakama, walipata hati. Mijikenda, ambao walimiliki ardhi kwa desturi ya ukoo, kwa sehemu kubwa hawakutambuliwa. Ardhi isiyothibitishwa ikawa mali ya Taji la Uingereza.

Wagiriama walipinga hali hiyo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha watu wake kukataa kodi na kazi za lazima, na mwaka uliofuata Waingereza waliilipua Kaya Fungo na kuwaondoa watu waliokuwa wakilima upande wa kaskazini wa Sabaki. Wakulima hao walikuwa wakizalisha ziada ya nafaka na hawakuwa na haja ya kuajiriwa. Kuwanyima ardhi kulikuwa pia njia ya kuwafanya waitafute ajira.

Baada ya uhuru mwaka 1963, ardhi ya Taji ikawa ya serikali, na hati za watu binafsi zikaheshimiwa. Mtu ambaye babu yake alizaliwa mahali fulani alijikuta akiitwa skwota hapohapo. Katika mitaa mingi ya Pwani kulienea utaratibu wa mtu kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi ijara, na hawezi kuiweka nyumba yake rehani benki. Utalii ulipopandisha bei ya viwanja, hati ya zamani iliyokuwa haina thamani kubwa iligeuka kuwa mali ya kuuzwa kwa fedha nyingi, na skwota akaonekana kuwa kikwazo cha mauzo.

Katiba ya mwaka 2010 ilifanya mabadiliko mawili yanayohusu Malindi moja kwa moja. Kifungu cha 65 kinamruhusu mtu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Aidha, Katiba iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Mabadiliko ya kwanza yalimgusa mgeni kwa haraka, kwa kuwa hati yake ilibadilika hadhi kwa nguvu ya sheria. Ya pili yanamhusu mwenyeji, nayo hutegemea uchunguzi, ushahidi na utashi, hivyo mwendo wake ni wa polepole.

4.2 Ufuo kama Mali ya Wote

Ufuo ni mahali pa burudani kwa mtalii. Kwa mwenyeji ni bandari, soko, njia, uwanja wa mpira wa jioni na mahali pa kutengenezea nyavu. Mvuvi hahitaji hati ya ufuo. Anahitaji mambo matatu: mahali pa kupandisha chombo, kivuli cha kugawia samaki na njia ya kumfikisha mnunuzi. Ukuta unapojengwa kati ya barabara na bahari, hata kama ufuo wenyewe haukuguswa, mambo hayo hupotea. Bandari isiyo na njia hufa, kwa sababu mama karanga hawezi kupita katika ua wa watu akiwa na ndoo kichwani.

Hifadhi nayo ina upande huu. Mbuga ya Bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Watamu, zikiwa miongoni mwa mbuga za kwanza za bahari barani Afrika. Ndani ya mbuga uvuvi umepigwa marufuku, na matumbawe yamepata nafuu. Baadhi ya wavuvi waligeukia kuwapeleka wageni kuyaona matumbawe hayo kwa mashua. Walipata kazi nyingine, ila ni kazi inayofuata kalenda ya hoteli, ilhali uvuvi wa ndani ya mwamba uliweza kuwapa angalau kitoweo wakati wa masika.

Hata bahari yenyewe imebadilika. Udongo unaomomonyoka bara na kuletwa na Sabaki umeongeza mchanga katika ghuba ya Malindi, na bahari imesogea mbali na baadhi ya majengo yaliyokuwa yamejengwa ukingoni mwa maji. Mkulima anayelima mteremko bila makinga maji, mamia ya kilomita kutoka hapa, anahusika na riziki ya mwenye hoteli asiyemjua. Vilevile, ardhi mpya inayozuka mbele ya viwanja inazua swali la nani mwenye haki nayo. Jibu la swali hilo lisipotolewa mapema kwa faida ya umma, aghalabu hutolewa na mwenye uzio.

5.0 UJIRANI NA MIPAKA YAKE

5.1 Namna za Kusaidiana

Kwa asiye na shamba, masika huvukwa kwa watu. Daftari la mwenye duka ni chombo cha kwanza. Familia hukopa unga, sukari na mafuta kuanzia Aprili, na kulipa Agosti au Desemba kazi ikirudi. Mwenye duka hatozi riba iliyoandikwa, lakini hukopesha anayemfahamu tu, na hapo sifa ya mtu mtaani hugeuka dhamana. Chombo cha pili ni upatu, ambao wanawake wengi wa Pwani huuita mchezo. Wachezaji wenye busara hupanga zamu zao zianguke katika miezi mibaya. Chombo cha tatu ni shughuli za misiba na harusi, ambapo kila nyumba hutoa kadiri ya uwezo wake ikijua kwamba siku yake itafika. Wavuvi nao wana kamati zao za kusimamia fuo, zinazotambuliwa na kanuni za uvuvi tangu mwaka 2007, ambazo huandikisha vyombo, hupatanisha wanaogombana na huwa sauti yao pale bandari inapotishiwa.

Inafaa kusisitiza kwamba ujirani huu unavuka kabila na dini. Mwenye duka anaweza kuwa wa asili ya Hadhramaut, mkopaji Mgiriama, na mshika fedha za mchezo Mkamba. Lugha yao ni Kiswahili, na adabu zao ni za mtaa. Mtoto humwamkia mama wa jirani shikamoo bila kuuliza nasaba yake.

5.2 Lugha ya Kazi

Kiitaliano kina nafasi ya pekee katika Malindi. Vijana wengi wamejifunza kwa sikio, ufuoni na jikoni, wala si darasani. Lugha hii imewapa kazi watu ambao hawakumaliza shule. Hata hivyo, ni elimu isiyo na cheti. Kijana anayezungumza Kigiriama, Kiswahili na Kiitaliano kwa ufasaha anaweza kuandikwa katika fomu ya ajira kuwa hana ujuzi wowote. Tena, lugha hiyo ina soko hapohapo tu. Waitaliano wakipungua, na watalii wa ndani kutoka Nairobi wakiongezeka kama ilivyo sikukuu za Desemba, thamani yake hushuka.

5.3 Mipaka ya Ujirani

Si haki kuusifu ujirani bila kutaja unaposhindwa. Heroini imeharibu maisha ya vijana wengi wa Pwani, Malindi ukiwemo, na mzigo wa kuwatunza umeangukia mama zao. Unyonyaji wa watoto kingono katika miji ya kitalii ya Pwani umethibitishwa na tafiti, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inautaja wazi kuwa jinai. Jambo linalohitaji kuelezwa ni kwa nini jirani anayeona hukaa kimya. Sababu mojawapo ni kwamba mtuhumiwa anaweza kuwa ndiye anayelipa karo, kodi au unga wa nyumba fulani katika mwezi ambao hakuna kazi nyingine. Umaskini wa msimu hununua ukimya. Kwa hiyo sheria, ingawa ni ya lazima, haitoshi pale ambapo familia haina njia nyingine ya kuvuka masika.

6.0 HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Makala haya yameeleza kwamba maisha ya jamii ya Malindi yanafuata kalenda tatu, na kwamba mbili kati ya hizo huanguka kwa wakati mmoja. Yameonesha pia kwamba historia ya sheria za ardhi imewanyima wengi kalenda ya tatu, yaani shamba, na kuwaachia ujirani kama kinga pekee. Kuna methali nyingine isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inachukulia kwamba mwenyeji ana shamba la kumpeleka mgeni. Katika Malindi, mara nyingi mwenyeji ndiye aliyepewa jembe katika kiwanja cha mgeni.

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, njia za umma za kuelekea ufuoni na bandari za wavuvi zipimwe, zichorwe katika ramani na ziandikishwe kwa jina la umma kabla viwanja vilivyobaki havijauzwa. Pili, utatuzi wa uskwota uhesabiwe kuwa sehemu ya sera ya utalii, kwa kuwa familia yenye hati huweza kustahimili mwaka usio na wageni. Tatu, ukarabati wa barabara, mifereji na majengo ya umma upangwe, kadiri mvua zinavyoruhusu, katika miezi ya Aprili hadi Juni, ili vibarua wa mji wapate kazi wakati wanapoihitaji zaidi. Nne, ujuzi uliopatikana kazini, zikiwemo lugha, upishi na uongozaji wa mashua, upimwe na kupewa vyeti na vyuo vya ufundi vya kaunti.

Hakuna hata moja kati ya mapendekezo haya linalodai kwamba wageni wapungue. Malindi umepokea wageni kwa zaidi ya karne 6, na utaendelea kuwapokea. Kinachotakiwa ni kwamba mgeni anapoondoka, mwenyeji abaki na njia ya kufika baharini na mahali pa kupanda mhogo.